Dhahabu ya Kwenye Tako la Babu

S.L.P. 31,
Chimala,
Mbarali, Mbeya.

19 Agosti 2024

Mpendwa mjukuu wangu na mke wangu mdogo Devota,

Kamwene. Kamwene tena, maana najua ya kwanza umeiitikia Kijerumani. Hujambo huko? Mgongo wako unasemaje na hao wazee wa Kizungu unaowanyanyua kutwa, kitandani na chooni? Unakula? Bibi yako ameona picha yako akasema umekonda shingo. Mimi nimesema hapana, ni kola ya koti. Na je, umeshapata mume au bado unaningoja mimi? Kama amepatikana, mwambie Chimala yupo mzee aliyekuchumbia kabla hujaota meno, na kwamba mzee huyo anatembea na betri mwilini, kwa hiyo asimchezee.

Sisi huku tuko hai, na hiyo si salamu ya mazoea, soma mpaka chini utaelewa. Baridi ya mwaka huu imetupiga mpaka bata wanatembea wamekunja shingo. Mpunga tumevuna, mwingi umekwenda mashineni Rujewa, wa kula tumebakiza. Bibi yako Lea ni mzima, na ulimi wake ni mzima kuliko yeye. Jogoo wako uliyemwacha ameliwa na paka pori, alipigana lakini, tulikuta manyoya ya pande zote mbili. Mimi nimeshonwa tako. Nakula vizuri.

Najua kwenye simu ulilia sana. Bibi yako aliponinyang'anya simu akakupigia kelele kwamba wamemchinja babu yako, mimi nilikuwa palepale nimelala kifudifudi nadai uji. Sikuchinjwa. Nilichanwa. Mtu aliyechinjwa haandiki barua.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii inasikilizwa na watu wote mpaka majirani, na kuna neno moja humu ni lako peke yako. Barua nampa Bwana Taher wa duka la vyombo Iringa, aliyekuja kuchukua mchele. Binti yake Alifiya anarudi masomoni huko kwenu. Bwana Taher namwamini. Kwa ajili ya Alifiya nimepaka gundi mara mbili.

Uliniamuru, na kweli uliniamuru kama askari, niende polisi nikaandikishe maelezo ili Silvester wa machimboni afungwe. Umenunua ile mashine ya mwilini mwangu kwa jasho lako, una haki ya kuwaka. Lakini wewe ulitaka afungwe tu. Baba yako mdogo Aroni alitaka kumkata kichwa. Nasema kumkata kichwa, si maneno ya hasira. Alinunua panga jipya, akawa analinoa nyuma ya nyumba kwenye jiwe la bibi yako la kusagia. Wakati wote niliokuwa nimelala juu ya tumbo nilisikiliza lile panga. Shii. Shii. Linanyamaza, namsikia analijaribu kwenye mgomba, mgomba unaanguka, anarudi kunoa. Tumemaliza migomba ya upande wa kusini. Hasira za Kihehe amezirithi zote, ndugu zake hakuwaachia hata kidogo.

Sasa jiulize, mtoto wangu wa mwisho akanyongwe kwa ajili ya tako la mzee? Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi, si mshono. Sasa nikueleze lilivyoanza mpaka lilivyokwisha, maana bibi yako hueleza kuanzia katikati.

Unakumbuka tulivyokuwa kabla hujanipeleka India. Tangu lile lori la mpunga lilipotuangusha Kitonga, mimi nikiwa utingo, mguu wangu wa kushoto ulikuwa na mtu ndani yake. Mtu huyo alikuwa na nyundo na msumari wa moto, na hakuwa na likizo. Nilivunja vikombe vyote vya harusi yetu ukutani. Mchungaji alikuja kuniombea, akaweka mkono begani, nikamng'ata. Alama anayo mpaka leo. Bado ananiombea, lakini kwa mbali.

Wale madaktari wa India wakanichana wakaweka kile kidude kama kiberiti kwenye tako la kulia, na nyaya zikapanda mpaka kwenye uti wa mgongo. Tangu hapo yule mtu wa nyundo ameondoka, wamekuja siafu. Wanatembea tu mguuni, hawaumi. Nikibonyeza rimoti kwenye alama ya kujumlisha siafu wanaongezeka, nikibonyeza kutoa wanapungua. Walinionya nisipandishe mpaka juu kabisa. Mimi nilipandisha siku ya kwanza, wewe ukiwa umekwenda kununua maji. Mguu uliruka wenyewe ukapiga beseni la nesi likagonga dari. Hukuambiwa. Basi leo umeambiwa.

Haya. Aroni yuko Makongolosi kwenye machimbo, amepata msichana, Rozalia, Mnyakyusa wa Tukuyu. Baba wa msichana ndiye huyo Silvester, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, ambalo Aroni anachimba. Barua ya posa ilitakiwa ipelekwe na mshenga, na mshenga wetu ni mzee Gideoni. Lakini mzee Gideoni alipigwa teke na dume la ng'ombe juma lilelile. Bibi yako akasema tusubiri, baba wa kijana haendi mwenyewe, ni aibu. Mimi nikasema aibu ni kuchelewa. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona machimbo, na nilikuwa nimesikia pombe ya komoni ya kule inapikwa vizuri.

Ni kweli inapikwa vizuri. Jioni niliyofika, Aroni akiwa kazini, nilikaa kilabuni na wachimbaji. Kijana mmoja mwenye macho mekundu, Benjamini, akanichokoza.

"Mzee, na mgongo huo umekuja kutafuta nini Makongolosi?"

"Mimi sitafuti," nikamjibu, "mimi nilishapata. Humu kwenye tako la kulia nimebeba mali. Uzeni duara lenu lote na makarai yake, hamnunui hata skrubu yake."

Walicheka mpaka komoni ikawatoka puani. Wakaninunulia nyingine. Mimi nikalala nimefurahi kama bwana harusi. Ile kadi ya hospitali ya kuonyesha kwamba nina mashine mwilini, uliyoniambia nisiiache kamwe, ilikuwa Chimala ukutani, nimeibandika pembeni ya picha yetu ya ndoa. Picha yangu ya kwenye kadi ni nzuri kuliko ya ndoa.

Asubuhi nikavaa koti, nikatia barua ya posa mfuko wa kifuani na rimoti mfuko wa chini, nikamfuata Silvester. Nyumbani hayupo. Wakasema yuko duarani, kumeharibika. Kumbe asubuhi ileile wamepata jiwe lenye dhahabu, ukubwa wa kiazi mviringo, limekaa juu ya gunia muda wa mtu kukohoa, na halipo. Silvester amefunga njia. Hakuna kutoka. Kila mtu anavuliwa shati, na Benjamini anampitishia detekta, lile fimbo lao lenye sahani chini ambalo hulia likinusa madini ardhini.

Mimi ningeweza kurudi. Nikajipenyeza mbele. "Shikamoo yenu nimeipokea," nikasema, ingawa hakuna aliyeniamkia, "nimekuja kwa habari njema, natafuta baba yake Rozalia."

Benjamini akapitisha detekta kwa mzaha. Kifuani kimya. Tumboni kimya. Ikafika nyuma.

Devota, ililia. Ililia kama mtoto aliyekalia kaa la moto. Akaiondoa, ikanyamaza. Akairudisha, ikalia. Na huyo Benjamini akapiga kelele: "Jana alisema mwenyewe! Tako la kulia! Alisema mwenyewe kilabuni!"

Ngumi ya kwanza sikuiona. Ya pili niliiona vizuri, ilikuwa na pete. Mpini wa sepetu ukanipiga nyuma ya magoti nikaenda chini, na chini nikakuta mabuti. Mtu akisema mzee anaheshimiwa machimboni, muulize dhahabu ilikuwa imepotea au haijapotea. Walinipiga mbavuni, walinipiga mgongoni, mmoja akanipiga na karai, na karai linauma kwa sababu lina ukingo. Nikawaambia ni mashine ya hospitali. Wakasema ndiyo, ya kusagia mawe. Nikasema nimetoka India. Wakasema ndiko wanakouza dhahabu ya wizi.

Kisha wakanivua suruali. Mjukuu wangu, mbele ya baba mkwe wa mwanangu, na barua ya posa mfukoni.

Wakaona kovu. Hapo ndipo palipoharibika kabisa. Silvester ni mtu mnene, ana sauti ya kengele. Akasema, "Ameshajichana akaficha. Ameshona. Hawa ndio wanaotumaliza. Toeni kitu changu." Akapiga magoti mwenyewe akanishika vifundo vya miguu. Wengine wakanikalia mgongoni, harufu ya jasho na baruti puani mwangu, uso wangu umezikwa kwenye vumbi. Benjamini akapekua koti akapata rimoti.

"Hiki ndicho kinachofungua!" akasema. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akakaza kidole hapohapo kwenye kujumlisha.

Umeme ulinipanda mgongoni ukashuka mguuni, na mguu wa kushoto ukamtoka Silvester mikononi kama kambare. Sikuupiga mimi. Ulipiga wenyewe. Nilisikia kisigino kinakutana na mdomo wake, na nilisikia meno ya mbele yanaachana na mwenyewe. Kama nisingekuwa nalia ningeshangilia.

Silvester akatema damu na meno. Akasema neno moja tu: "Chana!"

Hawakuwa na wembe. Walikuwa na kisu cha kumenyea mihogo, na kilikuwa butu. Watu wananiuliza kilichouma ni nini, nawajibu ni ubutu. Kisu kikali kinapita. Kile kilikuwa kinatafuna. Benjamini alikuwa anasukuma na kuvuta kama anayekata kamba ya gunia, na damu ilinishuka mpaka magotini ikiwa ya moto. Nilimtukana mama yake, nikamtukana bibi yake, nikafika kwa watu wa ukoo wake ambao hata yeye hawajui. Kisu kikagusa chuma. Kikasema kree. Wote walisikia. Wakapiga kelele, "Ipo! Ipo!" na waliokuwa wamenikalia wakasimama ili waone.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kwa Wanyakyusa, msichana na baba wa mume hawatazamani. Hawasalimiani, hawapiti njia moja, akisikia sauti ya mkwe anajificha kichakani. Rozalia alikuwa analeta chai ya wachimbaji. Nimekwisha kuambiwa kwamba akiwa juu ya kifusi cha duara alimwona mzee uchi kifudifudi anachanwa, akauliza ni nani, akaambiwa ni mwizi, baba yake Aroni. Alitakiwa akimbie. Alishuka na birika.

Chai yote ilimwagika kwenye mgongo wa Benjamini. Ilikuwa imetoka jikoni. Alipogeuka akilia, Rozalia alikuwa ameshanyakua detekta, akampiga nayo shavuni, mara ya kwanza kwa sahani, ya pili kwa mpini, akisema kila pigo na neno lake: "Hiyo! Ni mashine! Ya mgonjwa! Aroni alinieleza!" Detekta ikamtoka mkononi ikaanguka miguuni kwa Benjamini.

Ikaanza kulia.

Ilikuwa imelalia buti lake la mpira, na buti la mpira halina chuma. Yeye ndiye aliyekuwa anapima watu wote, na yeye hakuna aliyempima. Wakamvua. Jiwe lilikuwa ndani ya soksi.

Nilikwisha kumtukana ukoo mzima, kwa hiyo usidhani nilimwonea huruma upesi. Mwanzoni nilicheka, nikiwa bado chini. Walimwangukia na kila walichoshika, sepetu, nyundo, mawe, yule mwenye karai na karai lake. Nikasikia mfupa. Nikasikia mwingine. Mtu akaenda kuleta petroli ya pampu. Hapo nikaacha kucheka, nikajaribu kupiga kelele lakini mdomo ulikuwa umejaa vumbi. Kilichomwokoa ni kwamba dumu lilikuwa tupu, na kabla hawajapata jingine polisi wakafika. Yuko hai. Mguu mmoja hautanyooka, na kesi yake ya wizi na ya kunichana inamsubiri. Hiyo iendelee, mimi siizuii.

Katikati ya fujo hiyo Rozalia alinijia kinyumenyume. Amenipa mgongo, anatembea kwa kisigino, kitenge chake amekishika kwa nyuma, akanifunikia bila kugeuza shingo. Akapapasa chini akaokota rimoti, akapunguza, mguu ukatulia. Akasimama hapo akiwa amenipa mgongo, na birika mkononi, na hakuna mtu aliyesogea karibu. Hata baba yake.

Hapo ndipo winchi ilipomtoa Aroni shimoni. Aliniona. Alichukua nyundo kubwa, akaenda kwa Silvester moja kwa moja, na watu waliomzuia walikuwa wengi, na wote waliumia. Hakumfikia. Hilo ndilo lililomharibu. Angempiga hata kofi moja pengine angepona. Alirudi nami Chimala na mikono yake mitupu, akanunua panga.

Hospitali Mbeya walinishona vizuri. Daktari wao alipiga simu India, wakaongea Kiingereza juu ya tako langu kwa muda mrefu. Mashine haikuvunjika, nyaya hazikuhama. Siafu wapo. Hilo la mashine usilie tena.

Basi wewe ukawa unapiga simu unasema polisi, Aroni ananoa, bibi yako anasema yote mawili ni mazuri. Na Rozalia kule Makongolosi hali, hanywi, amekataa kuongea na baba yake. Mwezi wa saba mzee Gideoni, teke lake limepona, akaniletea habari kwamba Silvester anataka kuja kunishika miguu mbele ya wazee, na anakuja na ng'ombe. Nikasema aje. Panga likaacha kulia nyuma ya nyumba. Kimya hicho kilinitisha kuliko kelele.

Walikuja mchana. Mimi nilikuwa nimekalia tako moja, kama mtu anayetaka kuondoka. Silvester alikuwa amepungua. Bila meno ya mbele ile sauti ya kengele imekuwa filimbi, kila akitamka jina langu, Sosthenes, kuku wanageuka. Rozalia alikuja na mama yake, wakawekwa chumba cha pili, nyuma ya mlango. Aroni alikataa kukaa. Alisimama kwenye pazia la stoo, na mkono wake wa kulia ulikuwa nyuma ya pazia.

Mimi niliuona ule mkono. Bibi yako pia aliuona, maana alianza kumwaga chai nje ya vikombe.

Silvester alizungumza vizuri, sitamnyima. Alisema alipoona kovu aliona wizi tu, hakuona mtu. Kisha akashuka kwenye kiti, akapiga magoti, akatambaa, akashika miguu yangu yote miwili, akainamisha kichwa. Shingo yake ilikuwa wazi kabisa, nene, imekunjamana, imeelekea kwenye pazia. Nikaona bega la Aroni linapanda.

Nini cha kufanya? Niseme neno? Maneno alikuwa ameyasikia ya mchungaji, ya bibi yako, ya mzee Gideoni. Nisimame? Sijui kusimama upesi. Mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa koti.

Hili ndilo lako peke yako. Nilitafuta kujumlisha kwa kidole gumba. Nikabonyeza mpaka mwisho, nikakaza.

Ule si umeme wa mchezo. Nyuzi za mshono zililia, yule mtu wa nyundo alirudi na ndugu zake, macho yangu yaliona cheche. Na mguu ukaenda. Ulimkuta Silvester chini ya kidevu, ukamnyanyua kutoka magotini, ukamweka chali ndani ya beseni la vyombo vya bibi yako. Vilivunjika vikombe vipya vyote. Jino jingine liliruka likaingia kwenye bakuli la karanga, mbele ya mzee Gideoni, aliyekuwa anatafuna.

Silvester yuko chali, damu inamchuruzika ndevuni, miguu juu, sahani kifuani. Na mimi, jasho linanitoka, nikasema kwa unyonge kabisa: "Samahani sana, mzee mwenzangu. Hii mashine ina mambo yake. Inakumbuka watu."

Kicheko kilianzia kwenye pazia. Mwanzoni nilidhani Aroni analia. Alicheka mpaka akateleza chini akiwa ameshika pazia, pazia likachanika, na panga likaanguka katikati ya sebule. Liling'aa vibaya. Watu wote waliliangalia. Silvester aliliangalia kutoka kwenye beseni, akaelewa lilikuwa la nani, na la nini, na kwamba limechelewa. Akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kumtikisika, na mpaka leo sijui kama alicheka au alilia, kwa sababu filimbi ilikuwa inatoka vilevile.

Aroni akamwinua. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Akamtoa kigae sikioni. Kisha akaokota panga, akatoka nalo, akamchinja ng'ombe waliyemleta.

Kwa hiyo polisi sikuandikisha neno juu ya Silvester, na sitaandikisha. Utakasirika. Kasirika, halafu ule, halafu ulale. Wewe ulitaka alipie jela, nami nimemlipiza mara mbili, kwa mashine yako uliyoinunua, kwa hiyo wewe pia ulikuwepo. Aroni ameoa Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu. Panga hilo sasa tunakatia majani ya ndama.

Nisalimie huyo bibi wa Kijerumani unayemtunza, yule anayetupa vijiko. Mwambie namwelewa sana, avitupe vya plastiki tu. Bibi yako Lea anakusalimu, anataka vikombe. Aroni anakusalimu, anacheka peke yake siku hizi hata kanisani. Mzee Gideoni anakusalimu, hali karanga tena. Mama yako Faustina anatoka Iringa Jumapili kuja kumwona mkamwana, naye atakuandikia yake.

Rozalia anakusalimu pia, nadhani. Mimi na yeye hatuongei, tunafuata kwao. Yeye ameona tako langu, mimi uso wake sijauona hata leo. Lakini kazi ya mashine ameichukua yeye. Umeme ukiwepo anachaji ule mkanda wa kuijaza mashine umeme, anauweka na rimoti juu ya kigoda mlangoni kwangu, anakohoa, anaondoka. Mimi nangoja nyayo ziishe, ndipo nafungua.

Jana nimefungua, nikaketi, nikachukua rimoti. Pale kwenye kujumlisha pamebandikwa plasta ya kidonda. Imebandikwa vizuri, imekatwa kwa mkasi duara kamili, ikabaki alama ya kutoa peke yake.

Nyuma ya ule mlango siku ile hakuona kitu, mlango ulikuwa umefungwa. Sijui amejuaje kwamba nilibonyeza mwenyewe. Kisha nikasikia mtu bado yuko koridoni, hajaondoka, anapumua. Nikakohoa. Naye akakohoa. Ndipo nyayo zikaenda.

Plasta sijaibandua.

Mungu akulinde na barafu ya huko, akupe mume mwenye mgongo mzima, na akurudishe nikiwa bado na chaji.

Wako akupendaye, na mume wako wa kwanza,

Babu Sosthenes